Nusu ya Pili ya Antena

Watu wa Ngara, Kakuma, Goma na Kigoma hawahitaji kuelezwa gari hili. Ni Land Cruiser nyeupe, mara nyingi pikapu, yenye herufi kubwa ubavuni na fimbo nyeusi iliyosimikwa kwenye bampa la mbele, ncha yake imevutwa nyuma kwa kamba na kufungwa juu ya paa. Operesheni Lifeline Sudan ilipoanza mwaka 1989 na kuweka kambi yake Lokichoggio, magari ya mashirika ya misaada yalitegemea fimbo hizo. Ndivyo ilivyokuwa pia Aprili 1994, wakimbizi wapatao robo milioni walipovuka mpaka wa Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Minara ya simu za mkononi haikuwepo. Dereva aliyekwama kwenye tope nje ya kambi alichukua maiki, akaita kituo kilicho umbali wa mamia ya kilomita, na sauti ikafika.

Anayeitazama fimbo ile hudhani ameiona antena. Ameona nusu yake. Nusu ya pili ni gari lenyewe: bampa, chasisi, bodi, boneti, hata bomba la moshi. Duka humuuzia mteja nusu ya kwanza ndani ya boksi, pamoja na karatasi ya maelekezo. Nusu ya pili hutengenezwa na fundi aliyelala chali chini ya gari, mwenye msasa, spana na kipande cha shaba, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika.

Redio inayorusha sauti hupeleka umeme kwenye antena kwa kasi ya kubadilika mamilioni ya mara kwa sekunde. Umeme huo hauwezi kupanda fimbo peke yake. Kila kinachosukumwa juu lazima kiwe na kinachosukumwa upande wa pili kwa kiasi kilekile. Mvuvi anayesukuma mtumbwi kwa upondo anajua habari hii: upondo ukikuta chini pagumu, mtumbwi unakwenda, upondo ukizama kwenye tope laini, nguvu zote huishia kwenye tope. Kwa redio ya gari, chini pagumu ni bati na chuma cha gari. Kukiwa na chuma cha kutosha, kilichoungwa vizuri, nguvu hupanda hewani. Kukiwa hakuna, hugeuka joto, au hutafuta njia nyingine isiyotakiwa.

Jambo hili limejulikana tangu redio ikiwa changa. Mwaka 1901 Guglielmo Marconi alikuwa na gari la mvuke lililotengenezwa na kampuni ya Thornycroft ya Uingereza, na juu ya paa lake akaweka silinda ndefu ya chuma iliyoweza kulazwa gari likiwa safarini. Hiyo ilikuwa antena. Ili kupata ethi, yaani ule upande wa pili wa kusukumia, alitandika ukanda wa wavu wa waya ardhini, na gari likienda, wavu uliburutwa nyuma. Baadaye akajaribu jambo jingine: akaachana na wavu, akaunga ethi kwenye boila ya gari. Mawasiliano yakawa mazuri vilevile. Kwa jaribio hilo moja Marconi alikwisha kujibu swali ambalo bado huulizwa kwenye gereji nyingi: gari lililo juu ya matairi ya mpira linapata wapi ethi? Linaipata kwenye chuma chake.

Matairi hayazuii chochote hapa. Bodi la gari na ardhi iliyo chini yake ni mabamba mawili yaliyotenganishwa na hewa na mpira, nayo hufanya kazi ya kapasita. Umeme wa betri hauvuki pengo hilo, ila umeme wa masafa ya redio huvuka. Kwa hiyo mnyororo unaoburutwa nyuma ya lori la mafuta, ambao kazi yake ni kumwaga chaji tuli isije ikarusha cheche, hauna msaada wowote kwa antena. Wapo waliojaribu kuufunga kwenye pikapu zao kwa ajili ya redio. Walichopata ni kelele za chuma juu ya lami.

Katika gari moja ethi hufanya kazi mbili, na zinachanganywa mno. Ya kwanza ni kurudisha umeme wa betri: waya mweusi wa redio unakwenda kwenye upande wa hasi au kwenye chasisi, taa ya redio inawaka, sauti inatoka. Ya pili ni ile ya antena. Redio inaweza kuwaka, ikapokea stesheni vizuri kabisa, na bado isisikike na mtu aliye kilima cha pili, kwa sababu ethi ya kwanza iko na ya pili haipo. Ethi ya radi ni habari ya mbali zaidi. Hiyo ni ya mnara wa kituoni, na inahitaji fimbo ya shaba iliyozamishwa udongoni. Pikapu haihusiki nayo.

Ukubwa wa chuma kinachohitajika unategemea urefu wa wimbi, na hesabu yake ni nyepesi: 300 gawanya kwa megahezi, jibu ni mita. Redio za VHF za madereva wa watalii na askari wa wanyamapori, zinazotumia masafa ya karibu na megahezi 150, zina wimbi la mita 2. Antena ya robo wimbi ni nusu mita, na chuma kinachotakiwa kuizunguka ni cha nusu mita hivi kila upande. Paa la Hilux linatosha na kubaki. Ndiyo maana antena ya VHF iliyotobolewa tundu katikati ya paa huwa haina matatizo, na fundi anayefanya kazi hiyo kila wiki anaweza kustaafu bila kuwahi kufikiria habari ya ethi hata mara moja.

Teremka hadi megahezi 27, masafa ya redio za kiraia za CB, na wimbi linafikia mita 11. Robo yake ni mita 2 na sentimita 75, na hakuna paa la gari lenye nafasi hiyo kila upande. Teremka tena hadi megahezi 5, mahali ambapo redio za HF za mashirika hufanya kazi nyingi za umbali wa kati, na wimbi ni mita 60. Robo ni mita 15. Pikapu nzima, kutoka bampa hadi bampa, ina mita 5 na kidogo. Kuanzia hapo kila kipande cha bati kina thamani, na kukiacha kipande kimoja bila kukiunga ni kuitupa sehemu ya antena.

Tatizo la pikapu ni kwamba si gari moja. Gari dogo la saluni lina bodi lililochomelewa pamoja toka kiwandani, paa na sakafu na viunzi vyote kipande kimoja. Pikapu ni ngazi ya chuma, yaani chasisi, iliyopakiwa vitu viwili visivyogusana: kabini mbele, bodi la mizigo nyuma, na kati yake pengo ambalo mkono unapita. Kabini hukaa juu ya raba ili abiria wasitikiswe. Bodi la nyuma hufungwa kwa bolti zilizopita kwenye chuma kilichopakwa rangi juu na chini, na kama lilichomelewa na mafundi wa mitaa kama Gerezani au Kariobangi, linaweza kuwa na mbao au raba katikati. Boneti hushikwa na bawaba zenye grisi. Mlango wa nyuma vivyo hivyo. Injini nayo inakaa kwenye raba zake, na bomba la moshi linaning'inia kwenye raba nyingine. Mtengenezaji ameweka waya mmoja au miwili ya kuunganisha kabini, injini na hasi ya betri, kwa sababu taa na stata zinataka hivyo. Hakuwa anaiwazia redio.

Sasa mwenye gari anataka antena ifungwe wapi? Karibu kila mara, pale palipo rahisi: kwenye ukingo wa bodi la mizigo, au kwenye bomba la fremu iliyo nyuma ya kabini, au kwenye kioo cha pembeni. Hakuna tundu la kutoboa, hakuna mvua itakayovuja, na siku ya kuuza gari hakuna alama. Rangi ya fremu hizo mara nyingi ni ile ya unga iliyookwa, ngumu na nene, ambayo kwa umeme ni sawa na plastiki. Kiambata, yaani kishikio cha antena, kinabana rangi, bolti zinabana rangi, na antena imesimama pale ikiwa imara kabisa na haina nusu yake ya pili.

Fundi mzuri atachukua mita. Ataweka ncha moja kwenye kiambata na nyingine kwenye hasi ya betri, na akikuta ohmu nyingi, ataunga waya mwembamba mweusi toka kwenye kiambata, ataupitisha chini ya bodi, ataufunga kwenye bolti ya chasisi, na kupima tena. Sifuri. Ataandika bili. Redio itaendelea kuwa mbovu.

Mita yake haikudanganya. Imepima umeme wa betri, unaokwenda upande mmoja tu, na kwa umeme huo waya ni waya. Umeme wa redio una tabia nyingine. Kwanza, hauingii ndani ya shaba. Kwenye megahezi 27 unatembea juujuu tu, kwenye ngozi ya unene wa takriban sehemu 13 za elfu za milimita. Pili, waya wowote, hata ulionyooka, huukaba umeme unaobadilika haraka, na kadiri unavyobadilika haraka ndivyo unavyokabwa. Waya wa kawaida una mkabo wa kiasi cha mikrohenri moja kwa mita. Kipande cha sentimita 30 kwa hesabu hiyo kinaleta zuio la karibu ohmu 50 kwenye megahezi 27, kiasi kilekile ambacho redio imetengenezwa kukiona kwenye antena nzima. Fundi ameunga ethi, na papo hapo ameiweka nyuma ya ukuta.

Kinachohitajika ni kitu kipana, bapa na kifupi. Mshipi wa shaba uliosukwa, au ukanda wa shaba uliokatwa, wenye upana usiopungua moja ya tano ya urefu wake: ukiwa na sentimita 15 za urefu, uwe na 3 za upana. Upana huupa umeme ngozi kubwa ya kutembelea na hupunguza mkabo. Ufupi hufanya mengine. Kati ya mshipi mnene na mrefu na mshipi mwembamba na mfupi, mafundi wengi huchagua mnene kwa sababu unaonekana wa maana. Wangechagua mfupi.

Pale mshipi unapofungwa, rangi iondoke. Si kukwaruzwa kwa ncha ya bisibisi. Ipigwe msasa mpaka chuma cheupe kionekane kwa upana wa sarafu kubwa, kisha iwekwe washa yenye meno ili nati ikikazwa meno yaume chuma. Juu yake hupakwa grisi au rangi kufunga unyevu nje. Mpangilio huo ni muhimu: chuma kwa chuma kwanza, kinga baadaye. Anayeanza na grisi na kumalizia na nati amejitengenezea kutu ya mwaka ujao.

Vipande vinavyostahili mshipi ni vingi, lakini havilingani. Wa kwanza, ambao ukikosekana mingine ni pambo, ni ule unaotoka kwenye kiambata cha antena hadi kwenye chuma kikubwa kilicho karibu yake. Unafuata ule wa bodi la mizigo hadi chasisi, na wa kabini hadi chasisi, pande zote mbili ikiwezekana. Boneti huungwa kwenye bawaba zote mbili, hasa antena ikiwa mbele. Bomba la moshi huungwa na chasisi mahali kadhaa, kwa sababu nyingine itakayokuja hivi punde. Wapo wanaounga mpaka kofia za magurudumu. Hao waachwe na furaha yao.

Marekani ndiyo nchi iliyojifunza haya kwa wingi na kwa uchungu. Serikali ilifungua masafa ya CB ya megahezi 27 kwa wananchi mwaka 1958, yakabaki na watumiaji wachache mpaka mafuta yalipoadimika. Mwaka 1974 kasi ya barabara kuu ikashushwa hadi maili 55 kwa saa, yaani kilomita 88 hivi, na madereva wa malori wakaanza kuambizana kwa redio mahali ilipo pampu yenye dizeli na mahali alipojificha polisi. Baada ya muda kila mwenye pikapu alitaka redio hiyo. Kufikia mwaka 1977 chaneli zilikuwa zimeongezwa kutoka 23 hadi 40. Nguvu iliyoruhusiwa ilikuwa wati 4 tu, na kwa wati 4 hakuna nafasi ya kupoteza hata moja. Mamilioni ya antena yalifungwa na watu ambao hawajawahi kushika redio, kwenye vioo vya pembeni, kwenye mabampa ya kromu, kwenye masanduku ya vifaa. Ufundi wa kubaini ethi mbovu umetokana sana na enzi hizo.

Kipimo cha ufundi huo ni mita ya SWR, inayoonyesha kiasi cha nguvu kinachorudi kwenye redio badala ya kutoka. Moja kwa moja ni kamili. Mbili kwa moja, asilimia 11 inarudi. Tatu kwa moja, robo nzima inarudi, na redio inaanza kuumia. Hupimwa kwenye chaneli ya 1 na ya 40, mwanzo na mwisho wa masafa. Ikiwa mbaya kwenye 40 kuliko kwenye 1, fimbo ni ndefu mno, ipunguzwe. Ikiwa mbaya zaidi kwenye 1, ni fupi, iongezwe. Ikiwa mbaya kote kwa kiasi kilekile, fimbo isiguswe kabisa. Ama ethi haipo, au washa ndogo ya nailoni inayotenga msumari wa antena na kiambata chake imewekwa kinyume, na antena imegusana na bodi. Pikapu nyingi zimekatiwa antena nzuri, sentimita baada ya sentimita, kwa kosa lililokuwa chini kwenye nati.

Dalili nyingine hazihitaji mita. Sindano inahama mtu akishika waya wa antena, au akifungua mlango. Taa za dashibodi zinameremeta mtu akizungumza. Maiki inauma midomo. Yote haya yana maana moja: umeme uliokosa chuma cha kusukuma umeamua kutumia ganda la nje la waya wa antena, ukarudi nalo hadi ndani ya kabini, na sasa redio, maiki na mkono wa dereva ni sehemu ya antena. Mafundi wengine huvisha waya pete ya feraiti kuuzuia. Pete husaidia, lakini inaziba njia ya uchochoroni huku barabara kuu ikiwa bado haijatengenezwa.

Mita ya SWR nayo ina hila yake, na hapa hata wazoefu huanguka. Antena ya robo wimbi iliyo juu ya ethi kamili haionyeshi ohmu 50. Inaonyesha kama 36, na sindano inasimama karibu na 1.4. Antena fupi ya HF yenye koili, juu ya gari lililoungwa vizuri, inaweza kushuka hadi ohmu 15, na bila kifaa cha kuilinganisha SWR yake inazidi tatu. Sasa legeza ethi, weka kutu na rangi hapa na pale mpaka ohmu 35 za hasara ziongezeke. Jumla ni 50. Sindano inalala kwenye moja kwa moja, mwenye gari anashangilia, na zaidi ya theluthi mbili ya nguvu zake sasa inapasha joto bolti. Kipingamizi cha ohmu 50 kilichofungwa ndani ya kopo, kile cha kujaribia redio karakanani, kina SWR nzuri kuliko antena yoyote duniani.

Kwenye HF hesabu ni kali kuliko kwingine kote. Fimbo ya mita 2.5 kwenye megahezi 5 ni ndogo mno kulinganisha na wimbi la mita 60, kiasi kwamba sehemu yake inayorusha kweli, ikipimwa kwa ohmu, ni karibu ohmu moja au hata pungufu. Tuchukue moja. Tuseme koili inakula 6 na ethi ya gari inakula 8. Katika wati 100 zinazofika kwenye fimbo, zinazokwenda hewani ni 7 kasoro. Kiungio kimoja kilichoshika kutu kikiongeza ohmu 10, zinabaki 4. Watu wa mashirika wanaolipa maelfu ya dola kwa redio ya Codan kutoka Adelaide, Australia, wananunua mtambo unaojilinganisha wenyewe kwa sekunde chache. Mtambo huo utailinganisha redio na kutu kwa uaminifu uleule. Hauna njia ya kujua.

Kwa hiyo ile antena ya bampa la mbele, ingawa inapendwa kwa kuwa bampa ni imara na fimbo inaonekana na dereva, ina madai yake. Bampa la chuma hufungwa kwenye ncha za chasisi, mbali na kabini, na mara nyingi limepakwa ile rangi ya unga. Fimbo ipewe mshipi mpana hadi chasisi, chasisi iungwe na kabini, na boneti iungwe na kabini, kwa kuwa boneti ndiyo bati kubwa lililo karibu na mguu wa fimbo, mahali umeme unapokuwa mwingi kuliko pote. Fimbo ikihamishwa ukingoni mwa bodi la nyuma, uzito wa kazi unahamia huko. Nguvu za mawimbi pia hufuata chuma: antena iliyo kona ya nyuma kushoto hurusha zaidi kuelekea mbele kulia, upande ambao gari liko. Dereva anayelijua gari lake huligeuza kidogo kabla ya kuita kituo cha mbali, na mara nyingine ndivyo anavyopatikana.

Sumaku je? Antena zenye kitako cha sumaku hazigusi chuma hata kidogo, zinakaa juu ya rangi, na bado kwenye VHF hufanya kazi vizuri. Siri ni ileile ya kapasita: kitako kipana na bati la paa, rangi katikati. Kwenye megahezi 150 pengo hilo ni kama halipo. Kwenye HF ni ukuta. Na juu ya bodi la alumini sumaku haishiki kabisa, jambo ambalo Wamarekani waliligundua kwa mshangao Ford ilipotoa F-150 ya mwaka 2015 yenye bodi la aloi ya alumini.

Alumini inaleta habari ya metali kutopatana. Shaba ikifungwa moja kwa moja juu ya alumini, au juu ya bati lenye zinki, na maji ya chumvi yakapita kati yao, kiungio kinakuwa betri ndogo inayojila. Mombasa, Tanga na Unguja hilo halichukui muda mrefu. Mshipi uliopakwa bati juu ya shaba hupunguza ugomvi, na washa ya chuma kisichoshika kutu katikati husaidia zaidi. Ardhi yenye chumvi, kwa upande wake, ni neema kwa mawimbi. Gari lililoegeshwa ufukweni maji yakiwa yamejaa hupata usikivu ambao gari hilohilo haliupati juu ya mchanga mkavu wa bara, kwa sababu lile bamba la pili la kapasita, yaani ardhi yenyewe, limekuwa bora.

Limebaki bomba la moshi. Ni chuma kirefu kinachotoka kwenye injini, kinapita chini ya gari lote, na kinaning'inia kwenye raba. Kwa injini ya petroli, kelele za plagi hupanda juu yake na kurushwa hadi kwenye antena. Kuliunga na chasisi mahali kadhaa kunaziua. Land Cruiser za kazi zenye injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na plagi za cheche wala pampu ya kompyuta, ni kimya sana kwa redio, na hiyo ni sababu moja isiyotajwa sana ya kupendwa kwake na watu wa mawasiliano. Kwenye magari mapya kelele zinatoka kwingine: altaneta, taa za LED za bei nafuu, na vichaji vya simu vinavyochomekwa kwenye tundu la kiberiti. Hizo haziponi kwa mshipi. Kichaji kinachomolewa, kelele zinaisha.

Kazi ikishafanyika vizuri, adui ni mtikisiko. Mshipi wa kabini unaunganisha vitu viwili vinavyocheza kila mmoja kivyake, na ukikazwa mfupi kabisa kama hesabu inavyotaka, barabara ya vumbi yenye matuta ya bati itaukata ndani ya msimu mmoja. Mafundi wa karakana za mashirika huuachia ulegevu wa sentimita mbili tatu na kukubali hasara ndogo. Hata hivyo hukatika, na hukatika mahali pamoja: pale shaba iliyosukwa inapoingia kwenye kichwa cha kufungia bolti, chini ya tope, uzi mmoja baada ya mwingine. Kupima kwa mita hakusaidii, maana nyuzi tatu zikibaki mita bado inasoma sifuri. Anayekagua hulala chini ya gari, huufuta mshipi tope, na kuuvuta kwa mkono.